Kuitayarisha Kesho: Wataalamu wa Mustakabali Wanavyoitazama Kazi, Elimu na Yale Tunayoyathamini

Mwanafunzi wa Gredi ya 9 anapojaza fomu ya kuchagua njia atakayofuata katika sekondari ya juu, mzazi wake huketi kando na kuuliza swali moja: je, kazi hii itakuwepo? Mtoto huyo, kama alizaliwa mwaka 2011, atatimiza miaka 60, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma, mwaka 2071. Hakuna mwalimu, afisa wa kaunti wala waziri anayejua Kenya ya mwaka 2071 itakuwaje. Hata hivyo, fomu ni lazima ijazwe na karo ni lazima itafutwe.

Uamuzi wa aina hii hufanywa kila siku. Familia inauza kipande cha shamba ili kijana asomee kozi ya miaka minne. Kikundi cha akina mama kinachukua mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Kaunti inajenga karakana ya chuo cha ufundi itakayotumika kwa miaka thelathini. Wote hao wanatumia pesa za leo kwa ajili ya kesho ambayo hawajaiona.

Kuna watu ambao taaluma yao ni kulifikiria jambo hili kwa utaratibu. Huitwa wataalamu wa mustakabali. Somo hili linaeleza wanavyofikiri kuhusu mambo matatu yanayogusa kila nyumba, yaani kazi, elimu na yale watu wanayoyathamini. Linaeleza pia jinsi mkaazi anavyoweza kutumia mbinu zao nyumbani, katika chama na katika vikao vya ushirikishaji wa umma.

WATAALAMU HAWA NI AKINA NANI?

Mtaalamu wa mustakabali si mpiga ramli. Hasemi kwamba mwaka fulani litatokea jambo fulani. Kazi yake ni kuwasaidia watu kuona njia kadhaa ambazo kesho inaweza kufuata, ili wafanye uamuzi ulio bora leo.

Taaluma hii ilipata nguvu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nchini Marekani, watafiti wa shirika la RAND walibuni mbinu iitwayo Delphi. Wataalamu huulizwa maswali kwa maandishi, kila mmoja peke yake na bila kutaja jina. Baadaye huonyeshwa muhtasari wa majibu ya wote, kisha huulizwa tena kama wangependa kubadilisha maoni yao. Lengo ni kuzuia sauti ya mkubwa mmoja isizime mawazo ya wengine. Nchini Ufaransa, mwanafalsafa Gaston Berger alianzisha kituo cha kuitafakari kesho mwaka 1957. Mwaka 1973 Shirikisho la Dunia la Masomo ya Mustakabali liliundwa mjini Paris.

Serikali nazo zilivutiwa. Mwaka 1970 jimbo la Hawaii, Marekani, liliitisha kongamano la gavana ambapo wananchi walijadili hali ya visiwa vyao ifikapo mwaka 2000. Mwaka uliofuata bunge la jimbo hilo lilianzisha kituo cha utafiti wa mustakabali katika chuo kikuu. Bunge la Finland lina Kamati ya Mustakabali tangu mwaka 1993. Wales ilipitisha sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo mwaka 2015, inayozitaka taasisi za umma zifikirie athari za maamuzi yao kwa watu ambao hawajazaliwa.

Roy Amara, aliyeongoza taasisi moja ya utafiti wa mustakabali huko California, aliigawa kazi hii katika maswali matatu. Ni mambo gani yanayowezekana? Ni yapi yanayoelekea kutokea? Ni yapi tunayoyataka? Swali la kwanza linahitaji ubunifu. La pili linahitaji takwimu. La tatu linawahitaji wananchi wenyewe, kwa kuwa hakuna mtaalamu anayeweza kumwamulia mtu maisha anayoyatamani.

KESHO NI NYINGI

Jambo la kwanza wanalofundisha ni kwamba hakuna kesho moja inayosubiri kufika. Kuna nyingi, na mtu mwenye busara hujiandaa kwa zaidi ya moja. Mbinu yao inayojulikana zaidi ni kuandika hadithi kadhaa za kesho, kila moja ikiwa na mantiki yake, na kuuliza: hili likitokea, tutafanya nini?

Mfano maarufu ni wa kampuni ya mafuta ya Shell. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mfaransa Pierre Wack na wenzake waliwaandalia wakuu wa kampuni hiyo hadithi tofauti za biashara ya mafuta. Mojawapo ilieleza jinsi nchi zinazozalisha mafuta zingeweza kupunguza usambazaji na bei ikapanda ghafla. Wakati huo wengi waliona mafuta ya bei nafuu kama jambo la kudumu. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Kampuni hiyo haikuwa imetabiri tarehe, lakini wakuu wake walikuwa wameshaitafakari hali hiyo kabla haijafika.

Barani Afrika, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Afrika Kusini. Mwaka 1991 na 1992, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ukielekea ukingoni, watu 22 wa mirengo tofauti walikutana mahali paitwapo Mont Fleur, karibu na Stellenbosch. Walitunga hadithi nne. Ya kwanza ilikuwa ya mbuni, serikali inayoficha kichwa mchangani na kukataa mazungumzo. Ya pili ilikuwa ya bata kilema, serikali ya mpito iliyofungwa mikono isiweze kuamua lolote. Ya tatu ilikuwa ya Ikaro, yule wa hadithi za Wagiriki aliyeruka karibu na jua mabawa yake yakayeyuka: serikali inayotumia pesa kupita kiasi ili kuwafurahisha watu, kisha uchumi unaanguka. Ya nne ilikuwa ya heroe, ndege tunaowajua katika maziwa ya Nakuru na Bogoria, ambao huruka polepole lakini kwa pamoja. Watu ambao hawakuwa wakikubaliana kuhusu siasa waliweza kukubaliana kuhusu hadithi wasizotaka ziwe kweli.

Kenya nayo ilifanya zoezi kama hilo. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 2000, Wakenya wa taaluma mbalimbali walieleza hadithi nne za nchi. Moja iliitwa El Niño, ambapo hakuna mageuzi ya siasa wala ya uchumi. Nyingine iliitwa Maendeleo, uchumi ukirekebishwa na siasa ikiachwa ilivyo. Ya tatu ilikuwa Katiba, siasa ikirekebishwa huku uchumi ukisahaulika. Ya nne ilichukua jina la mabata bukini wanaoruka pamoja, mageuzi yote mawili yakienda sambamba. Miaka kumi baadaye Wakenya walipitisha Katiba ya 2010, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Yeyote anayeiangalia nchi leo anaweza kujiuliza iko ndani ya hadithi ipi, na hapo ndipo penye faida ya zoezi hilo.

KAZI: TAZAMA MAJUKUMU KULIKO JINA

Utabiri kuhusu kazi umewaaibisha watu wenye akili nyingi. Mwaka 1930 mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliandika kwamba katika muda wa miaka mia moja, wajukuu wa kizazi chake wangefanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Alisema pia kwamba utajiri wa nchi zilizoendelea ungeongezeka kati ya mara nne na mara nane. Kuhusu utajiri hakukosea sana. Kuhusu saa za kazi alikosea, kwani wafanyakazi wengi wa nchi hizo bado hufanya zaidi ya mara mbili ya saa hizo. Alihesabu vizuri uwezo wa mashine, lakini hakuhesabu vizuri tamaa na mahitaji mapya ya watu. Mtu akipata redio hutaka televisheni, akipata televisheni hutaka gari.

Mfano wa karibu ni wa mwaka 2013, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walipochunguza aina 702 za kazi nchini Marekani. Walisema asilimia 47 ya ajira huko zilikuwa katika hatari kubwa ya kufanywa na mashine. Habari hiyo ilizunguka dunia na kuzua hofu. Mwaka 2016 utafiti wa nchi za OECD ulitazama jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Badala ya kuhesabu majina ya kazi, uligawanya kila kazi katika majukumu yake, ukapata kwamba ni takriban asilimia 9 ya ajira zilizokuwa katika hatari hiyo. Tofauti ni kubwa, na chanzo chake ni namna swali lilivyoulizwa.

Hili ni somo lenye manufaa kwa kila mzazi. Kazi ni mkusanyiko wa majukumu. Mashine ikichukua jukumu moja, mengine hubaki, na mapya huzaliwa. Mwenye saibaa sokoni alianza kwa kuchapa barua na kuuza muda wa intaneti. Simu za mkononi zilipoingia kila mfuko, biashara ya kuuza muda ilififia. Leo mtu huyo huyo huwasaidia wateja kujaza marejesho ya ushuru, kuomba mkopo wa elimu ya juu na kutafuta huduma kupitia eCitizen. Jina kibandani ni lile lile, majukumu yamebadilika karibu yote.

Amara aliwahi kusema kwamba watu huzidisha makadirio ya nguvu ya teknolojia mpya kwa muda mfupi, na hupunguza makadirio yake kwa muda mrefu. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilionekana kama njia tu ya kutuma pesa nyumbani. Ni wachache waliofikiri kwamba ingeleta maelfu ya mawakala katika kila kituo cha biashara, na kwamba vibanda vya simu ya jamii vingetoweka.

Wataalamu wa mustakabali wanapenda kutafuta wanachokiita dalili changa, jambo dogo pembeni linaloweza kukua. Wahenga walishasema: dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya M-Pesa, Wakenya walikuwa tayari wakitumiana muda wa maongezi kama pesa: mtu mjini hununua kredo, humtumia jamaa kijijini, naye huiuza kwa jirani. Wingu lilikuwa limeonekana kwa yeyote aliyekuwa akitazama.

Pia hawakubali kirahisi maana ya neno "ajira" inayotoka nchi nyingine. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa ajira. Uligundua kwamba watu waliohesabiwa kama wasio na kazi walikuwa wakichapa kazi: kushona, kuchomelea, kuuza vyakula, kurekebisha magari. Ripoti yake ndiyo iliyoeneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo hapa huitwa jua kali. Zaidi ya nusu karne baadaye, takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ziko katika sekta hiyo. Kwa hiyo mtu anayeuliza kesho ya kazi nchini Kenya ni lazima aanzie kwenye karakana, soko na steji ya bodaboda, kisha afike ofisini.

ELIMU: SHULE HAIWEZI KUUTANGULIA MOYO WA MZAZI

Swali la mtoto kumaliza shule na kukosa kazi si geni. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kitaifa lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, kuna nini? Wakati huo wanafunzi wengi wa msingi walikuwa wakimaliza masomo bila nafasi ya sekondari wala kazi. Kutokana na mjadala huo, vyuo vya ufundi vya kijiji vilianzishwa ili vijana wajifunze useremala, uashi, ushonaji na kilimo karibu na nyumbani.

Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulichukua nafasi ya mfumo wa 7-4-2-3. Nia yake ilifanana na ile ya 1966: mwanafunzi apate ujuzi wa mikono, asitegemee ofisi pekee. Wazazi waliombwa kujenga karakana, masomo yakawa mengi na vifaa vikawa vichache, na baadaye masomo yakapunguzwa. Kikwazo kingine hakikuwa cha majengo. Wazazi wengi, na waajiri pia, waliendelea kupima mafanikio kwa alama za mtihani na nafasi ya chuo kikuu. Somo la useremala lilikuwepo darasani, lakini nyumbani mtoto aliambiwa asome asije akawa seremala.

Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanza rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, una nia inayofanana tena. Katika sekondari ya juu mwanafunzi huchagua moja ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtaalamu wa mustakabali akiutazama mfululizo huu, hatauliza tu kama mtaala ni mzuri. Atauliza kama jamii imebadilisha kile inachokiheshimu. Kama jibu ni hapana, historia ya 1985 inaweza kujirudia.

Je, mtoto asomee nini basi, ikiwa kazi hazijulikani? Wengi wa wataalamu hawa hutenganisha ujuzi unaochakaa haraka na ule unaodumu. Kutumia programu fulani ya kompyuta ni ujuzi unaoweza kuchakaa katika miaka mitano. Kusoma na kuelewa, kuhesabu, kueleza jambo kwa mpangilio, kufanya kazi na wengine na kujifunza upya ukubwani ni ujuzi unaodumu. Mwaka 1996 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Jacques Delors iliitaja misingi minne ya elimu: kujifunza kujua, kujifunza kutenda, kujifunza kuishi pamoja na kujifunza kuwa mtu kamili. Kijana wa chuo cha ufundi anahitaji yote minne, sawa na yule wa chuo kikuu. Fundi hodari asiyejua kuandika bei ya kazi kwenye karatasi hupoteza zabuni.

YALE TUNAYOYATHAMINI: KINACHOBADILIKA BILA KELELE

Teknolojia huonekana. Mabadiliko ya yale watu wanayoyathamini hayaonekani, lakini mara nyingi ndiyo yanayoamua mambo. Mwaka 1977 mwanasayansi wa siasa Ronald Inglehart wa Marekani alichapisha kitabu kilichoyaita mabadiliko haya mapinduzi ya kimya. Hoja yake ni rahisi. Mtu hukithamini zaidi kile alichokikosa utotoni. Aliyekua katika njaa na hofu huthamini usalama na riziki. Aliyekua akiwa na uhakika wa chakula huanza kuthamini uhuru wa kujieleza, mazingira safi na kazi yenye maana kwake. Kwa hiyo maadili ya jamii hubadilika kizazi kwa kizazi. Kuanzia mwaka 1981 hoja hii imekuwa ikipimwa katika nchi nyingi kupitia Utafiti wa Maadili Duniani.

Kenya ina mfano wake, nao umo katika takwimu za afya. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke Mkenya alitarajiwa kuzaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha 6.7, ule wa 1998 ulionyesha 4.7, na ule wa 2022 ukaonyesha 3.4. Katika maisha ya mtu mmoja, ukubwa wa familia umepungua kwa zaidi ya nusu. Huduma za uzazi wa mpango zilichangia, na vilevile elimu ya wasichana, gharama ya karo na kupungua kwa ukubwa wa mashamba. Lakini juu ya yote hayo, wazazi walibadilisha wazo lao kuhusu utajiri. Watoto wengi walikuwa mali; sasa mtoto aliyesoma ndiye mali.

Takwimu hizo hizo zinatoa onyo. Kati ya 1998 na 2003 wastani ulipanda kidogo, kutoka 4.7 hadi 4.9, kabla ya kuanza kushuka tena. Aliyechora mstari ulionyooka mwaka 1998 alikosea. Mwelekeo wowote unaweza kupinda au kusimama.

Mabadiliko haya yana matokeo yatakayofika kila kijiji. Katika sensa ya mwaka 2019, Wakenya walikuwa 47,564,296, na takriban robo tatu walikuwa chini ya miaka 35. Vijana hao ndio wanaotafuta kazi leo. Miaka arobaini ijayo watakuwa wazee, na watakuwa na watoto wachache wa kuwatunza kuliko babu zao walivyokuwa nao. Nani atawalea? Je, kutunza wazee kutakuwa kazi ya kulipwa, yenye mafunzo na heshima? Swali hilo halimo katika orodha ya kazi nyingi ambazo wazazi huwatajia watoto, lakini limeshaanza kuandikwa na hesabu ya watu.

Mvutano kati ya mzazi na kijana nao hueleweka vizuri zaidi kwa njia hii. Mzazi aliyekua bila uhakika wa mshahara husisitiza kazi ya kudumu yenye pensheni. Kijana aliyekua na simu mkononi anataka kujitegemea na kupanga saa zake. Swali linalofaa kuulizwa kabla ya ubishi ni hili: kila mmoja alikosa nini, na anaogopa nini? Mazungumzo yakianzia hapo, fomu ya shule hujazwa bila kelele.

ZOEZI: HADITHI NNE ZA FUNDI WA PIKIPIKI

Mbinu ya hadithi nne inaweza kufanywa kwa karatasi moja na kalamu. Chukua mfano wa kijana anayetaka kusomea umakanika wa pikipiki.

Hatua ya kwanza, taja uamuzi na mwaka. Hapa uamuzi ni kulipa karo ya miaka miwili, na mwaka wa kutazama ni 2040.

Hatua ya pili, andika yaliyo karibu hakika na yasiyojulikana. Ni karibu hakika kwamba watu wataendelea kuhitaji usafiri wa bei nafuu. Yasiyojulikana ni mengi, lakini mawili yana uzito. La kwanza, je, pikipiki za umeme, ambazo tayari zimeanza kuonekana barabarani, zitaenea haraka au polepole? La pili, je, fundi wa mtaani ataruhusiwa kuzirekebisha na kupata vipuri, au kampuni zitahifadhi kazi hiyo kwa mafundi wao pekee?

Hatua ya tatu, kutanisha mambo hayo mawili upate hadithi nne.

1. Umeme umeenea haraka, na vipuri viko wazi kwa wote. Fundi anayejua betri na nyaya ana wateja wengi kupita kiasi.
2. Umeme umeenea haraka, lakini kampuni zimefunga matengenezo. Fundi ni lazima aajiriwe na kampuni na awe na cheti kinachotambuliwa.
3. Umeme umeenea polepole, na vipuri viko wazi. Injini za petroli bado zinaongoza, na fundi mwenye ujuzi wa aina mbili anapata kazi pande zote.
4. Umeme umeenea polepole na matengenezo yamefungwa. Injini za petroli zimezeeka, na fundi anaishi kwa kurekebisha mitambo mikuukuu na kutafuta kazi nyingine karibu na ufundi wake, kama vile pampu za maji na mashine za shambani.

Hatua ya nne, tafuta yanayofaa katika hadithi zote. Misingi ya umeme inafaa katika zote nne. Cheti kinachotambuliwa kinafaa katika zote nne. Kuweka hesabu na kuzungumza vizuri na mteja kunafaa katika zote nne. Kujifunza injini ya petroli pekee kunafaa katika mbili tu, na hata huko faida yake inapungua. Familia hii basi itatafuta chuo kinachofundisha umeme pamoja na injini, badala ya kuchagua kilicho karibu na barabara.

Hatua ya tano, chagua alama za kutazama na tarehe ya kurudi mezani. Kwa mfano, je, idadi ya vituo vya kubadilishia betri mjini inaongezeka? Je, maduka ya vipuri yameanza kuuza vifaa vya pikipiki za umeme? Familia ikikutana kila Desemba kuangalia alama hizo, haitashtukizwa.

KESHO KATIKA VIKAO VYA KAUNTI

Mambo haya hayaishii nyumbani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya kijiji na vituo vya kulelea watoto. Hivyo sehemu kubwa ya mwanzo wa elimu, na sehemu kubwa ya ufundi, huamuliwa karibu na mwananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika kazi zake.

Kuna nyakati tatu katika mwaka za kukumbuka. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya kifedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya hayo yote upo Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, unaodumu miaka mitano. Maoni yanayotolewa kabla ya tarehe hizi yana nafasi kubwa zaidi ya kubadilisha jambo kuliko malalamiko yanayofuata.

Mkaazi akihudhuria kikao, anaweza kuuliza maswali ya aina hii. Karakana inayopendekezwa itafundisha ujuzi gani, na ujuzi huo utatumika wapi miaka kumi na tano ijayo? Kozi hiyo inafaa katika hadithi ngapi za kesho? Vifaa vikichakaa, kuna pesa za kuvibadilisha? Wasichana na watu wenye ulemavu watafikaje pale? Mama anayesoma atamwacha wapi mtoto wake?

Mbinu ya Delphi nayo inafaa barazani. Mara nyingi mzee au kiongozi akishasema, wengine hukubali kwa heshima, na kijana mwenye wazo tofauti hurudi nalo nyumbani. Mwenyekiti anaweza kugawa vikaratasi, kila mtu aandike vipaumbele vitatu bila jina, vikusanywe, visomwe kwa sauti, kisha watu waandike tena. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu anayemwamini. Dakika thelathini zinatosha, na picha inayopatikana huwa karibu zaidi na mawazo ya watu wote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA CHAMA

1. Ni kazi gani iliyokuwepo katika kijiji au mtaa wenu miaka ishirini iliyopita ambayo sasa haipo? Ni majukumu gani ya kazi hiyo ambayo bado yapo, na nani anayafanya?
2. Ni dalili gani changa mnayoiona sasa ambayo watu wengi bado wanaipuuza?
3. Ni kazi gani mnayoihitaji kila siku lakini hamngependa mtoto wenu aifanye? Kwa nini?
4. Mzazi na mtoto, kila mmoja aandike peke yake maisha anayoyatamani mwaka 2040, kisha wabadilishane karatasi.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Jibu lake linaonyesha kile ambacho nyumba hiyo inakiheshimu, na ndilo litakaloongoza mkono unaojaza fomu ya Gredi ya 9.